Eda Isiyo na Kalenda

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wahenga hao hawakumjua mama mkwe wangu. Yeye aliniambia toka, kwa mdomo mpana, asubuhi kweupe, na saa ya treni ya Kigoma akanitajia.

Siku hiyo nilikuwa nimepewa talaka moja, ya rejea. Mume wangu alikuja nayo uani nikiwa nachambua mchele, amefuatana na majirani wawili wa kuwa mashahidi, wote wamevaa kanzu kama wanaokwenda kula wali wa harusi. Alinitamkia huku macho yake yako kwenye ungo. Kosa hakunitajia, na kwa haki yake nitasema hakujaribu hata kulizua. Alikuwa amechumbia binti wa mfanyabiashara wa ng'ombe wa Ziba, na baba wa binti alikuwa ametoa sharti moja: mwanawe haingii nyumba yenye mke. Basi mke akaondolewa, kama gunia linavyoondolewa ukumbini ili mkeka upate pa kutandikwa.

Mtoto alikuwa mgongoni, amelala. Msichana, bado mchanga, nimemzaa hospitali ya Kitete, wa kwanza kukaa baada ya wawili ambao hawakukaa. Nikasema, "Nimesikia," nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu mimi hukausha machozi.

Mama mkwe alisubiri wanaume watoke, akaja akakaa kwenye kibao cha mbuzi.

"Mwanangu, mwanamke akiachwa huenda kwao. Ndivyo tunavyofanya hapa Tabora."

"Na kwetu ni wapi, mama?"

"Si ulikotoka? Treni ya Kigoma ipo kesho, saa mbili usiku. Meli utaipata huko huko."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wa hapa. Baba yake ni wa hapa. Maziwa hayatamkosa, Ziba wana ng'ombe wengi."

Nimesamehe mengi katika maisha yangu, lakini wale ng'ombe wa Ziba sijawasamehe mpaka leo.

Ni lazima nieleze kwa nini safari ile ya treni ilikuwa kaburi. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, Bujumbura, kwenye mtaa wa Waswahili, ambako kila nyumba ina babu aliyefika kwa njia ya msafara. Babu yangu mimi alikuwa mpagazi. Aliipita Tabora mara nyingi na pembe za watu wengine begani, na alipochoka kubeba akajenga upande ule. Mimi niliolewa upande huu kabla ya Uhuru. Mume wangu alikuja kwetu na wajomba zake kununua samaki wakavu na mafuta ya mawese, akaniona, mahari ikatolewa. Nikavuka ziwa, nikapanda treni, na katika safari yote hiyo mtu pekee aliyeniuliza jambo alikuwa mkata tiketi.

Kisha Uhuru ukaja, kwetu na kwenu, nao ulikuja na bendera mbili. Ziwa lile lile likawa mpaka. Mume wangu akaenda ofisi ya uhamiaji akarudi na kibali changu. Karani alikuwa amemwambia, naye akanieleza kwa fahari, kwamba mimi nipo nchini kwa ajili yake. Nilimwambia nimesikia wanawake wengine wanaandikishwa uraia. Akacheka. "Uraia wa nini? Wewe si una mimi?" Nami, msichana mjinga, nikaona ni maneno ya mapenzi. Niliyakumbuka siku ile ya ungo wa mchele, maana sasa sikuwa na yeye wala uraia.

Dini ilinipa mtoto mpaka afike umri wa kujitambua. Hilo mama mkwe alilijua kama nilivyolijua mimi. Lakini mpaka wa nchi haujui dini. Ningevuka ziwa kwa miguu yangu, kibali kingefia bandarini Kigoma, na mwanangu angebaki upande ambao siruhusiwi kurudi. Ndiyo maana alinitajia saa ya treni badala ya kunitolea mabegi nje. Alitaka niondoke kwa hiari, kwa heshima, kama mila ya mji inavyotaka.

"Eda yangu nitaikalia hapa," nikamwambia. "Mwanamke hatolewi nyumbani kwake mpaka eda iishe. Hayo si maneno yangu."

"Unatufundisha dini sisi? Babu zetu ndio walioileta hapa."

"Babu zenu walikuja nayo, mama. Babu yangu ndiye aliyewabebea mizigo, na njiani alikuwa anasikiliza."

Akanyanyuka kwenye kibao cha mbuzi akaingia ukumbini.

Kwa kusema kweli mila ilikuwa upande wake. Kila mwanamke aliyeachwa mtaani kwetu alichukua sanduku lake siku ile ile akaenda kwa baba yake, na eda akaikalia huko kwa mama yake akila uji na kusengenya. Waliosoma walijua sivyo kitabu kinavyosema, lakini hakuna aliyewahi kukaa akaona matokeo yake. Nilikuwa wa kwanza. Nilihamia chumba cha uani na mtoto wangu, nikachukua sindano zangu na kofia ninazodarizi, na mume wangu akabaki chumba cha mbele, akilazimika kunilisha. Kila jioni alileta kibaba cha unga na kitoweo akakiweka mlangoni bila kubisha. Mimi nilikuwa najibu kwa sauti, "Ahsante, baba fulani," ili majirani wasikie kwamba bado ananilisha.

Mama mkwe akaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Wakati ule, miaka ya mwanzo ya Azimio, balozi alikuwa jicho la serikali mtaani: mgeni akiingia, ng'ombe akipotea, watu wakigombana, yeye ndiye wa kupeleka habari. Balozi wetu alikuwa Mnyamwezi, fundi seremala, mtu wa mninga na msumeno. Alikuja amevua kofia, na vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi.

"Mama, nimeambiwa kwenye nyumba zangu kumi kuna mgeni asiye na mwenyeji."

"Mgeni gani, balozi? Kitanda ninacholalia ulikichonga wewe."

"Nakumbuka. Lakini nikishaambiwa siwezi kujifanya kiziwi. Lazima nipeleke."

"Peleka. Na useme pia kwamba niko edani, wala sitoki. Anayenitaka anifuate."

Aliniangalia kama mtu anayepima ubao, akavaa kofia yake akaenda.

Afisa wa uhamiaji alikuja mwenyewe. Alikuwa kijana, shati la mikono mifupi, kutoka mkoa wa mbali ambako hakuna eda. Aliketi barazani pamoja na balozi na mume wangu, mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia, mtoto ananyonya. Alisema kwa upole kwamba kibali changu kilikuwa cha mke, na kwa kuwa nimeachwa, kibali kimekwisha, na kwamba anaweza kunipa muda wa kufunga mizigo.

"Sijaachwa nikaachika," nikasema kutoka nyuma ya pazia. "Niko kwenye eda ya rejea. Mume wangu huyo hapo akitaka kunirudia sasa hivi, hahitaji ndoa mpya wala mahari. Akifa leo, namrithi. Mgeni humrithi mwenyeji?"

Kijana akamgeukia mume wangu. "Ni kweli?"

Mume wangu akasema mambo hayo anayajua shehe. Basi shehe akaitwa kutoka msikitini, naye ni mtu wa mtaa huo huo, amekula kwao tangu utoto. Nilijua asingependa kunisaidia. Lakini alikuwa na sifa moja ambayo namshukuru nayo mpaka leo: alikuwa anamwogopa Mungu kuliko alivyompenda rafiki yake.

"Kwa mambo hayo," akasema, "bado ni mke."

"Na hiyo eda inakwisha lini?"

Shehe akakohoa. Akaeleza kwa maneno ya adabu kwamba mwanamke husubiri hedhi tatu. Yule kijana akainamisha kichwa, masikio yamemwiva, akauliza kama anaweza kuandika miezi mitatu. Shehe akasema kwa kawaida ni hiyo.

"Shehe," nikasema. "Na mwanamke anayenyonyesha, ambaye hajaona kitu tangu azae?"

Nilisikia mtoto anavyomeza.

"Huyo husubiri mpaka aone," akasema shehe.

"Hata mwaka?"

"Hata zaidi ya mwaka."

Ukumbini mama mkwe akasema, "Lahaula," kwa sauti ya mtu aliyemwagikiwa na maziwa. Ndipo walipojua walichokifanya. Wangesubiri mtoto aache ziwa kwanza, eda yangu ingekimbia kama ya mtu mwingine yeyote. Lakini binti wa Ziba alikuwa anangojwa, na haraka ile ndiyo iliyonipa nchi.

Kijana alifunga faili lake. Alipokuwa anavaa viatu alisogea karibu na pazia, akasema neno ambalo nadhani hakulazimika kulisema.

"Mama, mke wa raia ana haki ya kuomba kuandikishwa uraia. Mbona hukuomba miaka yote?"

"Niliambiwa nina mume."

"Basi omba sasa, ukiwa bado unaye. Eda ikiisha kabla jibu halijatoka Dar es Salaam, sitaweza kukusaidia."

Kuanzia hapo maisha yangu yalikuwa mbio baina ya Dar es Salaam na kifua changu.

Mume wangu alikataa kusema lolote la kunisaidia, hata kwamba yeye ni mzaliwa wa hapa. Balozi akasema kwa niaba yake. Alikwenda ofisini akasimama na vumbi lake la mbao, akaeleza kwamba huyu bwana kitovu chake kimezikwa mtaani kwetu na yeye mwenyewe alikuwepo akila wali wa arobaini yake. Cheti changu cha ndoa nilikuwa nacho sandukuni, nikampa balozi akakipeleka. Maombi yakaenda. Tukakaa.

Nilinyonyesha. Sijui kama kuna mwanamke Unyamwezi mzima aliyenyonyesha kama mimi. Nilikula karanga, nilikula michembe ya viazi vilivyokaushwa na kunywa uji wa mtama mpaka jirani yangu wa Kinyamwezi, aliyeniletea, akauliza kama nanenepeshwa kwa ajili ya sikukuu. Mtoto akaota meno, akaning'ata, nikamwacha aning'ate. Akaanza kutambaa, akaanza kusimama, na bado kila alipolia nilimpa ziwa kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Usiku alilala amening'inia kifuani kama kupe. Mama mkwe akaanza kumpa uji kwa siri, kisha ndizi, kisha wali. Mtoto alikula vyote akarudi kwangu kushushia. Siku moja nilimkuta yule bibi jikoni anasaga shubiri kwenye kifuu.

"Ya nini, mama?"

"Mtoto mkubwa huyu. Jipake kidogo kifuani, ataacha mwenyewe."

"Jipake wewe, mama. Wako aliacha mapema mno, ndiyo maana mpaka leo hajatulia."

Nilikuwa sina adabu siku zile. Adabu ni ya mtu mwenye pa kwenda.

Lakini nisijifanye jiwe. Niliogopa. Kila nilipoingia msalani niliogopa damu yangu mwenyewe. Mwili ambao nilikuwa nimeuomba kwa Mungu uzae, sasa nauomba unyamaze. Nilikuwa nikiamka alfajiri na maumivu kidogo ya kiuno, basi moyo unadunda mpaka namwamsha mtoto bila kutaka. Na sikuwa na wa kumwambia, maana ukimwambia mtu mmoja Tabora umeliambia soko. Nilidarizi. Jirani alinipelekea kofia sokoni, akaniletea nyuzi na maneno ya watu. Watu walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema mimi mwanamke king'ang'anizi, nimekwama katika nyumba ya watu kama mwiba wa samaki. Wengine walimcheka mume wangu msikitini, wakimuuliza mtoto anatafuna nyama lini.

Mfanyabiashara wa Ziba alituma mtu kuuliza mara ya kwanza, akaambiwa asubiri. Akatuma tena, akaambiwa mtoto bado ananyonya. Yule mjumbe, mchunga ng'ombe mwenye fimbo ndefu, alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema kwao ndama mkubwa kiasi hicho hutengwa na mama yake. Baada ya mavuno tukasikia binti ameozwa Puge, kwa mtu mwenye shamba na nyumba isiyo na historia. Chelewa chelewa utamkuta mtoto si wako. Mume wangu alikaa chumba cha mbele siku hiyo, mlango umefungwa, na kibaba cha jioni hakikuja. Nikabisha mlango kukidai. Ilikuwa haki yangu.

Jibu la Dar es Salaam lilifika wakati wa vumbi, ule ambao mji mzima unakuwa na rangi ya njugu. Yule kijana wa uhamiaji alimtuma balozi kuniita niende kuapa mbele ya hakimu. Eda humruhusu mwanamke kutoka kwa haja, na haja kubwa kuliko hiyo sikuijua. Nilivaa kanga mpya, nikamfunga mtoto mgongoni japo miguu yake ilikuwa imeanza kunifikia mapajani. Hakimu aliniuliza kama naelewa ninachokiapia. Nikamwambia naelewa kuliko aliyezaliwa nacho.

Kurudi nilipitia stesheni, makusudi, ingawa si njiani. Treni ya Kigoma ilikuwa imesimama, inapakia. Nilisimama pale na mwanangu nikaitazama mpaka ikaondoka, na nikajisikia mtu mbaya, mwenye furaha mbaya, na sikuomba msamaha kwa yeyote.

Nadhani mume wangu aliniona nikirudi. Au labda mama yake ndiye aliyemwambia: binti wa Ziba amekwenda, huyu sasa ni raia, hafukuziki, anadarizi, anauza, na mtoto yuko naye. Kwa nini nyumba ikose mtu? Hawakunieleza walivyopanga, lakini siku chache baadaye, baada ya swala ya alasiri, alikuja uani. Alikuwa na wale wale mashahidi wawili, kanzu zile zile, na mara hii alimleta na shehe. Nilikuwa nimekaa mkekani na kofia mapajani. Mtoto alikuwa akicheza na nyuzi.

Aliniangalia usoni, jambo ambalo siku ya talaka hakuliweza. Alikuwa amekonda. Nitasema ukweli, kulikuwa na kitu ndani yangu kilichomwonea huruma, na kingine kilichokumbuka yule kijana aliyekuja kununua samaki.

"Nawashuhudisha," akawaambia wenzake, "kwamba nimemrejea mke wangu."

Alivyolisema, lilikuwa limekwisha. Rejea haihitaji ridhaa ya mke. Ile talaka niliyoikumbatia kama mali ilikuwa na mlango ambao yeye peke yake ndiye mwenye ufunguo, maadamu eda ipo. Aliijua haki yake. Hakuniuliza.

"Umechelewa," nikasema. "Eda imekwisha."

"Imekwisha lini?"

"Imekwisha."

Mama mkwe alitokeza kwenye mlango wa ukumbini. "Itakwishaje? Mtoto huyu ameliacha ziwa lini? Asubuhi hii hii nimemwona."

"Kunyonya ni shughuli ya mtoto, mama. Eda ni shughuli yangu."

Mume wangu akamgeukia shehe. Alisema haiwezekani, mwanamke huyu amekaa kwenye eda muda wote alipoihitaji, na siku anayorejewa ndiyo siku inakwisha. Alitaka ushahidi. Alitaka nionyeshe, niite mtu anayejua, niseme mwezi.

Shehe akaniuliza kama naweza kuapa. Nikaapa, sauti yangu haikupanda wala kushuka. Kilichokuwa baina ya kiapo kile na mwili wangu anakijua Mungu, na sijapata kumweleza mwingine, wala hapa sitaeleza.

"Katika jambo hili," shehe akamwambia, "mwanamke huaminiwa kwa kauli yake. Hakuna shahidi mwingine."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Miaka yote ile nilikuwa nimeulizwa kibali, cheti, mwenyeji, balozi, mtu wa kunisemea. Alasiri ile nilisema neno langu mwenyewe, na wanaume wanne wazima wakageuka, wakatafuta viatu vyao mlangoni, wakavaa.